Hata volkano tunaipika kwa siki

Mwalimu anayetoa kazi ya kundi Alhamisi jioni na kuitaka Jumatatu asubuhi, huyo hana watoto. Au anao, ila wanafanyia kazi kwa watu. Kwangu, kwa mfano, maana nina meza na sola, na hapa Goma mwenye meza na sola hana siri.

Wanakuja sita, biki moja. Hakuna aliyefikiri kitu, lakini ukurasa wa juu uko tayari: PROJET kwa markeri nyekundu, ua kila pembe. Ya ndani je? «Ya ndani tutaona, papa.» Mada? «Volkano!» Nani kaamua? Shefu wa kundi. Shefu huchaguliwa kwa sauti, tena sauti yake mwenyewe.

Na usidhani ni Nyiragongo, mita 3,470, inayotuwakia usiku juu ya vichwa. Ni kichuguu cha udongo, chupa katikati, siki, bikarbonati na rangi nyekundu. Tumejenga juu ya lava, kuta zetu ni lava, vidole vya miguu tunajikwaa kwenye lava, halafu mtoto anatuonyesha povu! Lava ni mwamba ulioyeyuka. Povu la siki ni gesi ya kaboni inatoroka. Hazisalimiani hata njiani.

«Sasa tuchange mawazo,» shefu anatangaza, kisha anachanga peke yake. Msichana wa pembeni ananong'ona: «Mazuku?» Ndiyo ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kuua. Hakuna aliyesikia isipokuwa mzee wa jirani, aliyekuja kuchaji simu tu.

«Mazuku? Hapana, mama. Hayo ni mambo ya vifo.»

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani? «Ile ni mboga, si masomo.»

Takataka? «Meya atasema mnamtukana.»

Gesi ya Ziwa Kivu? «Hiyo ni ya serikali, muiache.»

Mawazo manne yamezikwa, na simu yake bado asilimia tatu. Mimi ni mtu wa heshima zangu, sipendi makelele. Lakini jamani! Mzee, chai hii hapa, kunywa, mdomo upate kazi! Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, ndiye aliyeeneza mtindo huu wa kukaa kundi kutafuta mawazo, na sharti lake lilikuwa wazo lisihukumiwe wakati bado linazaliwa. Hakujua majirani wa kwetu. Na hata bila mzee, mwaka 1958 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale waliona kwamba watu wakifikiri kila mmoja peke yake, kisha majibu yakakusanywa, mawazo yanakuwa mengi kuliko ya waliokaa kundi. Bila shaka! Mmoja akiongea, watano wanangoja zamu, na ikifika wamesahau.

Kwa hiyo karatasi tatu za duplikata, kila moja ikunjwe mara tatu, ikatwe: vipande 24, vinne kwa kila mtoto. Biki za kuazima. Kipande kimoja wazo moja, dakika tano, midomo imefungwa. Shefu pia. Shefu hasa! Halafu vyote mezani, vinavyofanana fungu moja, na juu ya kila fungu kijiwe, kwa sababu umeme ukirudi mtaa mzima unapiga kelele, watoto wanaruka, na mafungu yanaruka nao.

Fungu la «volkano» litakuwa nene kuliko yote, na ndilo bovu, kwani hilo ni somo la mwaka mzima. Lazima ligeuke swali. Kwa nini lava ya Januari 2002 ilipasua mji mpaka ziwani, na ile ya Mei 2021 ikaishia Buhene, pembezoni mwa mji? Swali zuri, ila linataka ramani, na ramani iko kwenye intaneti, na intaneti... tuendelee. Kwa nini mazuku huwahi mbuzi na mtoto kabla ya mtu mzima? Hapo sasa! Vifaa viko jikoni, na dakika kumi zinatosha.

Siki ile ile. Simamisha mishumaa miwili ndani ya bakuli refu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, iwashe. Kwenye jagi weka vijiko viwili vya bikarbonati na nusu glasi ya siki, ngoja povu litulie, kisha inamisha jagi taratibu kwenye ukingo wa bakuli, gesi ishuke, siki ibaki. Mfupi unazimika kwanza, kwa sababu gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, inajaa kuanzia chini. Ikikataa, funga dirisha: upepo umeiba gesi.

Kugawana kazi ni vita vingine. Mvivu anakimbilia utangulizi, mistari mitatu, amemaliza. Utangulizi uandikwe mwisho, na mvivu apewe sehemu ya kueleza kwa nini mshumaa mfupi umezimika kwanza.

Na bikarbonati ilikuwa ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Mama wa nyumba ameuliza, watoto wote sita wamenitazama mimi.

Bado kuchapa. Pale sekretaria wanataka dola, lakini noti ikiwa na tundu la sindano wanaiinua juani, wanaikunjia pua, wanairudisha. Faranga iliyoshonwa kwa skochi, nambari nusu imefutika, inanuka samaki, hiyo wanapokea bila kuitazama. Dola yangu ina mpasuko mdogo pembeni, mdogo sana, kama una chenji ya...