Viazi lumbesa, nyasi bahasha

Hebu nisaidieni wenye akili, maana mama watoto amechoka kunisikiliza na farasi naye hajibu. Mimi niko na kipande cha shamba huko juu Molo, napanda viazi. Nikivuna, dalali anataka gunia lijazwe mpaka liote kofia, lishonewe neti juu, ile lumbesa ukiitazama kwa mbali unadhani ni mtu amembeba mwenzake mgongoni. Sheria iko tangu 2019, viazi ni kilo 50 kwa gunia na si zaidi, lakini hiyo sheria nadhani ilipanda matatu ikashuka Salgaa kunywa chai na mpaka leo haijamaliza kikombe. Sawa, nimekubali, nimezoea kunyonywa nikiuza. Shida yangu ni kwamba mimi huyo huyo nikigeuka nikawa mnunuzi, nikaenda kutafuta nyasi kavu, napewa beli, lile furushi la nyasi lililofungwa kamba, imekonda mpaka unaweza kuituma kwa posta. Nikiuza, mzigo unavimba. Nikinunua, mzigo unakonda. Sasa mimi nasimama upande gani wa mizani?

Utaniuliza niko na ng'ombe wangapi. Sina ng'ombe. Niko na farasi. Cheka kwanza, nitangoja.

Umemaliza? Haya. Nilikuwa nachunga farasi kwa shamba moja upande wa Gilgil, mwenye shamba akaamua kuhama, na mshahara wangu wa miezi mitatu hana, akaniambia chagua, ungoje pesa au uchukue huyu farasi leo. Nani angengoja? Nikamchukua, nikatembea naye kwa miguu kutoka Gilgil mpaka Nakuru nikijiona kama tajiri fulani hivi, isipokuwa pale Kikopey ambapo wachoma nyama wote walinyamaza wakamwangalia yule mnyama kwa macho ya kupima, nikaongeza mwendo. Jina lake alikuja nalo, anaitwa Champagne. Mama yangu hilo jina lilimshinda siku ya kwanza, akalikata akabaki na Shamba. "Shamba amekula?" "Mmempa Shamba maji?" Na ukweli mama hakukosea, kwa sababu huyu mnyama anakula shamba.

Kazi yake ni Jumapili na siku za sherehe, kubeba watoto, shilingi 100 raundi moja, na mzazi akitaka picha hiyo ni bure kwa sababu mimi ni mjinga. Zamani nilikuwa na bodaboda. Bodaboda ukiiegesha Jumatatu inakaa kimya mpaka Jumapili haijaomba hata tone. Huyu mvua inyeshe, watoto wasije, yeye anakula tu. Usiku ukitoka kukojoa unamkuta amesimama, unasema maskini amelala, ukikaribia unaona taya inasonga. Ni mnyama wa kilo kama 400, na watu wa farasi hesabu yao ni asilimia 2 ya uzito kila siku, kwa hivyo tupige kilo 8 za nyasi kavu, na maji mtungi mmoja na nusu. Kila siku. Krismasi pia.

Halafu kuna wale majirani wa ushauri. "Si umpe mabua ya mahindi?" "Si umpe maganda ya viazi?" "Ng'ombe wangu anakula hata karatasi." Jameni. Ng'ombe tumbo lake ni nyumba ya vyumba vinne, chakula kikiingia kinaketi sebuleni, kinarudi mdomoni kinacheuliwa, kinaenda chumba kingine, kikiharibika njiani kuna mahali pa kukitengeneza. Farasi anaishi bedsita. Tumbo ni moja, dogo, na hajui kutapika, Mungu alimnyima hiyo, kwa hivyo kikishaingia hakirudi, kama karo ya shule. Ukimpa nyasi yenye ukungu anashikwa na msokoto wa tumbo, anaanza kujiangalia ubavuni, anajitupa chini, anabingirika, na daktari wa mifugo akija anaanza kuhesabu kuanzia mafuta ya pikipiki yake. Nimeshalipa hiyo mara moja. Sirudii.

Kwa hivyo tunakula nyasi ya boma Rhodes, ndiyo inauzwa sana hizi pande zetu. Na hilo jina ni la yule Cecil Rhodes mwenyewe wa Rhodesia, mtu amekufa 1902 na bado ananitoza.

Najua kuna mjuaji tayari anasema "nunua ikiwa rahisi uweke." Asante sana. Mvua ikiisha watu wamekata nyasi, Rongai na Njoro mashine zinafunga beli usiku na mchana, hapo bei inakuwa na utu, nilishanunua hata kwa 200. Ikifika Januari na Februari jua linawaka, ng'ombe wa maziwa wa Nakuru nzima wanataka kitu hicho hicho, lori zinatoka mpaka Kajiado kuja kununua, na aliyejaza stoo anafungua mlango kidogo kidogo kama mtu anaogopa mbu. Huyo ndiye anakula pesa. Lakini kuweka nyasi unahitaji stoo, na stoo inahitaji mabati, na mimi mabati yangu mvua inapita ikiuliza "mko?" Mwaka mmoja niliweka beli 40 kwa chumba cha nyuma, nikafunika na turubai, nikajipongeza. Nilipofungua, zile za chini zilikuwa na ukungu mweupe na zinatoa joto ukiweka mkono, na panya alikuwa ameshafungua tawi pale, na watoto. Nikapoteza 15. Ndio nikajua bei rahisi ni ya watu wenye mabati.

Na si mimi wa kwanza kutolewa jasho na farasi hapa. Njoro enzi za mkoloni kulikuwa na Mzungu mmoja, Clutterbuck, baba yake yule Beryl Markham aliyevusha ndege Atlantiki 1936. Alikuwa na vinu vya unga, alikuwa na farasi wa mbio, alikuwa na shamba ambalo huwezi kumaliza kwa macho. Ukame ukaja ukamfilisi, akauza farasi, akaenda zake Peru. Sasa kama mwenye vinu alikimbilia Peru, mimi mwenye kinu cha mkono nikimbilie wapi? Mbali zaidi ninapoweza kulipia nauli ni Rongai, na huko ndiko nyasi inatoka.

Basi, juzi. Jamaa wangu wa nyasi amekuja na Probox, beli ziko ndani, ziko juu, moja imekaa kiti cha mbele imefungwa mkanda. Nikauliza bei. "Mia tatu hamsini, Baba Shiro." Wiki jana ilikuwa mia tatu. "Dizeli," akasema, na hiyo Probox yake inatumia petroli lakini nikanyamaza. Nikainua beli moja. Ikainuka. Wewe, beli ya zamani ukiinua unasikia kiuno kinakuuliza kama uko sawa. Hii niliinua na mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Nikamwambia bwana, hii ni kilo ngapi? Akasema 15. Nikamwambia hii ikiwa 15 mimi ni askofu. Akasema beli ni beli, beli haiuzwi kwa kilo. Na hapo ndipo nikashikwa na hasira, kwa sababu farasi hali beli, farasi anakula kilo!

Nikavuka kwa jirani yangu mzee wa skrapu, nikaazima ile mizani yake ya ndoano, tukaining'iniza kwa mti wa avokado. Watu wakaanza kusimama, unajua mtaa, ukitundika kitu kwa mti watu wanakuja. Mabodaboda wanne, mama wa mboga, vijana wawili wa kuokota chuma. Shamba naye nilimfunga hapo karibu na mti ili aone vile napigania haki yake. Tukatundika beli. Mshale ukasema kilo 9 na nusu.

Nikapiga makofi. Jamaa wa nyasi hakushtuka hata. Akasema, "Hiyo si mizani ya skrapu? Nani hajui mizani ya skrapu inapunguza?"

Wee. Mzee wa skrapu akatoka kwake na kandambili moja. "Mizani yangu ina nini? Sema! Mizani yangu ina nini?" Mimi najaribu kutuliza, naye ananiambia Baba Shiro nimekuazima kitu kwa roho safi na sasa natukanwa mbele ya wateja. Mama wa mboga akasema si mlete kitu kinajulikana uzito wake. Wazo zuri. Ningejua ningemzuia. Shiro akakimbia ndani akaleta unga, pakiti ya kilo 2 haijafunguliwa, tukatundika na karatasi ya plastiki. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukakaa kwa moja na robo tatu.

Kimya. Hata mabodaboda walizima injini.

Halafu mmoja wa wale vijana wa chuma akauliza polepole kabisa, "Kwa hivyo mzee, zile kilo zangu 20 za jana..." Hakumaliza. Mzee wa skrapu alikuwa ameshakumbuka kuna mahali anahitajika. Vijana wakamfuata, mabodaboda wakawafuata vijana, kandambili ikabaki chini ya mti, na mizani pia ikabaki, na mimi jirani niliyekuwa naye miaka tisa nadhani sina tena.

Lakini nikasema hapana, hii kesi tunamaliza leo. Nikamwambia Shiro kaa hapo, piga hesabu, uko gredi ya sita mimi nalipia hiyo gredi. Akaandika kwa mchanga na kijiti, akafuta, akaandika tena. Kama mizani inasoma moja na robo tatu badala ya 2, basi hiyo 9 na nusu ni karibu kilo 11. Kilo 11, si 15! Nikamwambia agawanye mia tatu hamsini. Shilingi 32 kwa kilo. Mimi lumbesa yangu ya mwisho niliuza 2,400, na ilikuwa kilo 130 hivi, gawanya wewe mwenyewe uone, ni shilingi 18 na ushee. Kiazi nilichopanda, nikaweka mbolea, nikapiga dawa ya ule ugonjwa wa majani tunauita baridi kila wiki, nikachimba na mgongo wangu, ni 18. Nyasi iliyojiotea ikifuata mvua ni 32! Nikageuka nimwonyeshe jamaa wa nyasi, nikanyoosha kidole kwa beli pale chini ya mti tulipoiteremsha, nikasema, "Hii hapa! Hii ndiyo unaniuzia kama 15!"

Tukaangalia wote. Kamba mbili zimechomoka, beli imefunguka, nyasi imetawanyika miguuni mwa Shamba. Na kiasi kidogo cha nyasi kilichokuwa kinatoka nje ya mdomo wa Shamba, kinaingia polepole, taya inasonga.

Jamaa wa nyasi akatoa simu akaangalia saa. "Hiyo imeshaanza kuliwa, Baba Shiro. Kwa hivyo hiyo imeuzwa."

Nikamtumia. Mia tatu hamsini, na ya kutoa.