Jua la Sorolla na jasho la wavuvi

Mwaka 1896, Cabanyal, mtaa wa wavuvi mjini Valencia, Hispania, mchoraji Joaquín Sorolla alichora watu wakishona tanga. Picha ina upana wa mita 3, na tanga lenyewe limeitawala: limetandazwa barazani, mikunjo yake ikikujia hadi karibu na miguu yako. Lisogelee uone. Weupe unapotea. Kuna buluu, zambarau, manjano ya jua lililopenya majani. Nyeupe tupu ni kidogo mno.

Wanaomlaumu wana hoja. Baraza ile inapendeza kupita kiasi, maua kila upande, na anayeitazama leo katika makumbusho ya Ca' Pesaro, Venice, haoni kidole kilichochomwa sindano wala ujira wa siku. Kazi ya maskini imekuwa pambo. Tena mwaka 1894, Sorolla alipotaka kumwonyesha mvuvi kijana aliyeumia kazini, aliteremka naye hadi kwenye ngama, chini tumboni mwa chombo, gizani, na wazee wawili wakimhudumia. Utadhani uchungu haufai kuanikwa juani.

Hoja hiyo ingenimaliza, lakini kuna picha ya 1899, "Urithi wa Huzuni": watoto walemavu wakiogeshwa baharini chini ya uangalizi wa mtawa, mchana kweupe. Jua lipo, na huzuni ipo. Hao si wafanyakazi, nakubali.

Kwa hiyo nageukia maksai. Katika "Kurudi kutoka Uvuvini", pia ya 1894, maksai wanaivuta mashua kutoka majini, tanga limejaa upepo juu yao. Hapo mwanga haufichi kitu. Ndio unaochora kivuli cha kila msuli, na maji yanayorushwa na kwato yanakwambia mzigo ule ni mzito kiasi gani. Mtu aliyebaki studio asingeyajua hayo; Sorolla aliweka turubai zake kubwa pale pale ufukweni, akizikinga upepo kwa vitambaa. (Ndiyo, yeye alikuwa na kofia nzuri na wanunuzi Paris.)

Mimi naegemea upande wake kwa namna kazi inavyofanyika: nani anavuta, nani anashika kamba, nguo nzito ya tanga inashikwaje na mikono mingi. Hayo aliyaona vizuri kuliko wengi waliochora umaskini kwa rangi za matope. Lakini ile mashua inayovutwa ni ya nani, na samaki wakishauzwa mvuvi anabaki na nini, jua lote lile halisemi.