"Skill" kwa Kifaransa ni nini? Uliza kwanza kama mtu anajua ama anaweza

Nilipewa kazi moja hapa Kampala, karatasi mbili tu za mradi wa kufundisha ushonaji na kuchomelea vyuma, zitoke Kiingereza ziende Kifaransa, kwa sababu vijana wengi watakaozisoma ni Wakongo wa Nsambya na Katwe. Nikasema hii ni ya asubuhi moja, saa saba nakula rolex yangu, chapati ya mayai, nimemaliza. Wapi! Siku mbili nzima niko nabishana juu ya neno 'skill', yaani ujuzi wa kazi.

Na hapa Uganda tunalipenda hilo neno jamani. Tumelifanya mpaka kitendo, vijana "wanaskiliwa", serikali ilikuwa na mpango wake wa Skilling Uganda, ukipita barabarani bango hili linasema 'skilling' lile linasema 'skilling'. Sasa jaribu kukipeleka hicho kitendo Kifaransa, hakiendi, utaishia kuandika 'former' ambayo ni kufundisha mtu kazi, na maana inafika vizuri tu lakini bosi aliyekulipa anaangalia karatasi anauliza skill yangu imeenda wapi.

Kinachonichekesha ni hiki: 'ability', 'capacity', 'competence', 'aptitude', hayo maneno mengine yote ya uwezo Waingereza waliyatoa Kifaransa na Kilatini, yaani yanarudi nyumbani. 'Skill' peke yake ndiyo ilikuja na watu wa kaskazini, ni neno la Kinorse la zamani, na huko mwanzo lilikuwa la mambo ya kutofautisha, kupambanua. Kwa hiyo lile moja ambalo halina ndugu Ufaransa ndilo tunalitumia kuliko yote. Ila na hao wenye ndugu usiwaamini sana, nitafika huko.

Mwenzangu kwenye hiyo kazi ni dada mmoja wa Goma, amefundisha Kifaransa miaka mingi, na yeye msimamo wake ni mfupi: andika 'compétences' kila mahali, tuende nyumbani. Nilimwona mvivu mwanzoni lakini nikikaa nafikiria naona ana hoja nzito. CV ya Kifaransa, ile karatasi ya kuombea kazi, ina sehemu inaitwa Compétences, si kingine, na hapo ndipo unaandika kompyuta, dereva, lugha, kila kitu. Ufaransa kuna kitu kinaitwa bilan de compétences, mfanyakazi anakaa na mtaalamu wanapima anachokijua kufanya na anakotaka kwenda, na iko ndani ya sheria tangu 1991. Walimu wa lugha nao, zile nne za kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika wanaziita compétences. Kijana akijaza fomu leo Kampala na kesho Kinshasa akutane na neno lile lile, hiyo si ndogo. Ukimwekea maneno matano tofauti ya uwezo kwenye karatasi mbili atadhani ni vitu vitano tofauti anavyotakiwa kuleta, na atakaa nyumbani.

Sawa. Lakini karatasi yetu ilikuwa na sentensi inasema mwanafunzi atapata 'knowledge, skills and competence'. Hapo dada yangu, utaandika compétences na compétences? Akanyamaza kidogo. Na hili si letu peke yetu, Jumuiya ya Ulaya ilikutana nalo 2008 walipotoa mfumo wao wa kulinganisha vyeti vya nchi zote, Kiingereza kikasema hivyo hivyo knowledge, skills and competence, na Kifaransa chao kikawa 'savoirs, aptitudes et compétences'. Yaani wakubwa wenyewe wenye watafsiri wa kulipwa vizuri ilibidi waivue skill hilo koti la compétence waivalishe 'aptitude'.

Mimi nikafurahi, nikasema basi tunaandika aptitudes. Dada akakataa kabisa. Anasema Mkongo akisikia aptitude anafikiria daktari, cheti cha kusema wewe uko 'apte', mwili wako unafaa kwa kazi. Na kweli Kifaransa cha kazini kiko hivyo, daktari wa kazi anakuandika apte ama inapte. Lakini pia kuna kile cheti cha ufundi cha Wafaransa, CAP, ambayo ile A yake ni aptitude, na hicho ni cha fundi bomba na muoka mikate, hakina stetoskopu. Kwa hiyo tuko wote sawa na hatujafika popote.

Hapa ndipo nilianza kuona kwamba swali letu lenyewe lilikuwa bovu. Tulikuwa tunatafuta jina, wakati shida iko kwa kitendo. Kiingereza kina 'can' na 'able', kinachanganya vitu viwili ndani ya gunia moja. Kifaransa kinavitenga: 'je sais nager', nilifundishwa kuogelea na ninajua, halafu 'je peux nager', leo nina nafasi, sina jeraha, mto hauna mamba. Na angalia, sisi Waswahili tunatenga vile vile! Najua kuogelea, naweza kuogelea. Anajua kushona, yaani amesomea. Anaweza kushona, labda amepata cherehani. Mitaani tunachanganya, nakubali, Kampala mtu atakuambia anaweza kushona akimaanisha anajua, lakini ukimbana atakutofautishia bila kufikiria.

Rudi kwenye karatasi yetu sasa. Masharti mawili yamefuatana: awe 'able to read and write', awe 'able to lift' kilo 25. Kiingereza kinayaona ndugu. Ukiyapitisha kwa Kiswahili kichwani kabla ya Kifaransa yanaachana yenyewe: la kwanza ni kujua kusoma na kuandika, kwa hiyo 'savoir lire et écrire', la pili ni kuweza kubeba, 'pouvoir soulever'. Hakuna kamusi hapo, ni lugha ya mama tu imefanya kazi. Mtafsiri wa London lazima akariri hiyo kanuni, wewe wa Katwe unayo bure.

Ila Kiswahili kisikupe kiburi, kina mitego yake. 'Uwezo' kwa mfano. Ukisema fulani ana uwezo, nusu ya watu watajua ana pesa, na Wakongo wanasema tu moja kwa moja ana moyens. Na sisi wenyewe hatujakubaliana, Kenya kwenye mtaala wao mpya wanasema umilisi, Tanzania wanasema umahiri, kitu ni kile kile. Kwa hiyo tusiwacheke sana Wafaransa.

Mtego ulioniuma zaidi lakini ni mwingine. 'Skilled worker' nilikuwa nimeandika 'ouvrier spécialisé', nikajiona mjanja, si amespecialize? Kumbe kwa Kifaransa cha viwandani ouvrier spécialisé ni yule wa chini, amefundishwa kazi moja ya kurudia rudia kwenye mashine na hana cheti cha ufundi. Mwenye ujuzi ni 'ouvrier qualifié'. Ningekuwa nimewaahidi wale vijana miezi sita ya kusoma ili wawe watu wa kubonyeza kitufe kimoja. Na 'compétent' nayo hivyo hivyo, 'les autorités compétentes' haimaanishi wakubwa wenye akili, inamaanisha wenye mamlaka na hilo jambo, na kwa mahakama ni uhalali wa kusikiliza kesi. Ndiyo maana nilisema hao wenye ndugu usiwaamini.

Kuna njia ya tatu, kutengeneza neno jipya. Amartya Sen, yule mchumi wa Kihindi aliyepata Nobel 1998, 'capability' yake Wafaransa waliona 'capacité' haiibebi, kwa sababu yeye hasemi ujuzi, anasema uhuru halisi wa mtu kuishi maisha anayoyathamini, wakaunda 'capabilité'. Kwa vitabu vya uchumi sawa, neno la watu wachache linavumilika. Kwa bango la Nsambya hapana, nani atalielewa.

Mwisho wa yote ofisi ilirudisha kazi na ujumbe wa mstari mmoja, tafadhali neno moja kila mahali. Nikaweka compétences kwenye vichwa vya habari na kwenye orodha, dada akafurahi, na nadhani hapo alikuwa sahihi tangu mwanzo. Savoir na pouvoir nikaziacha zilipo, ouvrier qualifié pia. Ile sentensi ya skills and competence tuliipiga mnada mpaka saa mbili usiku, yeye hataki aptitudes, mimi sitaki compétences mara mbili, tukaandika 'savoir-faire et compétences', ujuzi wa mikono kwanza halafu lile koti kubwa. Ofisi haijasema kitu mpaka leo. Dada anasema hawajasoma.