Maziwa ya fundi betri: yanazuia nini, hayazuii nini

Kwenye karakana za betri Dar es Salaam, Gerezani au pembezoni, utaambiwa kinga dhidi ya risasi, metali yenye sumu iliyo ndani ya betri, ni maziwa: pakiti moja jioni, sumu inatoka. Wataalamu wa afya kazini hukunja uso. Lakini imani hiyo ina msingi wake.

Risasi iliyo kwenye sahani za betri hufanana na kalsiamu kiasi cha kuugeresha utumbo uipitishe njia ile ile. Mlo wenye kalsiamu kidogo, au tumbo tupu, huiingiza zaidi. Nchini Mexico, wajawazito waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku walipungukiwa risasi kwenye damu kwa takriban asilimia 11. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyongeza ya kalsiamu kwa mjamzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu, iwapo mlo wake una upungufu wa kalsiamu.

Hapo ndipo utetezi wa maziwa unapokomea. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi ya mtu mzima hukaa mifupani. Wapo wanaoona hiyo ni afueni, maana iliyofungwa huko haiko kwenye ubongo. Sikubaliani nao. Ndani ya seli inayojenga mfupa, kalsiamu huru ni pungufu ya ile ya nje kwa kama mara 10,000, na seli hupokea amri kwa kiwango hicho kupanda au kushuka kidogo tu. Risasi hupita milango ya kalsiamu na kutoa amri za uongo. Katika majaribio, kalsiamu ya ndani hupanda na utengenezaji wa osteokalsini, protini ya mfupa, huvurugika. Ni kweli, mengi yalitumia seli za saratani ya mfupa na dozi kubwa, hivyo namba zake hazimhusu fundi moja kwa moja.

Isitoshe, mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa mwezi hivi. Ya mfupani huchukua miaka 10 hadi 30, na ujauzito au kunyonyesha huirudisha kwenye damu.

Na maziwa hayafiki mapafuni, unakopita moshi wa kuyeyushia sahani. Pakiti yenyewe ikishikwa kwa vidole vyenye vumbi la kijivu, risasi inamezwa pamoja na maziwa. Kwanza kuyeyusha mtaani kukome. Sakafu ilowanishwe na kupigwa deki, isifagiwe kavu. Nguo za kazi zisifike nyumbani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Damu ya kipimo itolewe mshipani, kwani tone la kidoleni huchafuliwa na vumbi la ngozi. Kisha yaje maziwa, au dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mjamzito na watoto nyumbani wapewe kabla ya fundi.