Tarumbeta la Moto Kongwa

Watu wa Dar ukiwatajia Dodoma wanawaza jua tu, sasa mwimbaji wa bendi yetu akatokea na kishati chepesi, vifungo wazi mpaka kifuani. Nikamwambia kaka, hii Julai na tunaenda Kongwa, huko huko Dodoma, beba jaketi. Akanijibu jaketi linaua swaga. Haya.

Harusi ilikuwa nje, si unajua watu wakishavuna ndo wanaozesha. Tunafika usiku turubai limeshang'oka upande mmoja, vumbi limeingia kwenye mixa, ukisogeza kitufe tu spika zinakwaruza krrr. Dodoma mjini kwenyewe usiku wa Julai nyuzijoto zinashuka mpaka 13 hivi, sasa weka na ule upepo wa Kongwa, we acha tu. Mimi besi napiga na glovu za bodaboda nimezikata vidole.

Balaa likawa kwenye kutyuni. Baridi inakaza nyuzi, gitaa la solo likawa linapanda, tarumbeta nalo likipoa sauti inashuka, yani kila mmoja na wimbo wake na wote tunapiga ule ule. Mwimbaji akifungua mdomo meno yanagonga maiki.

Wageni wote wamehamia kwenye jiko la nyama choma, mbele yetu viti vitupu na bibi mmoja kajifunika shuka la Kimasai, nahisi alikuwa amelala. MC anabembeleza jamani sogeeni, nani asogee! Tukaona isiwe tabu, tukahamisha vyombo kuwafuata huko huko jikoni.

Mpiga tarumbeta kuona mkaa akafurahi, akalilaza tarumbeta pembeni ya jiko lipate joto, akaanza kupiga stori na mchoma nyama. Zamu yake ikafika, kiongozi anamfokea ingia ingia, jamaa kalinyakua, kaliweka mdomoni.

"MAMAAA YANGU WEEE NAFAAA!"

Kwenye maiki hiyo. Mpiga drams akajua ni rapa kaita sebene, pale pa kuchezesha watu, akaingia nayo mzima mzima, na sisi tukafuata, na wale watu wakalipuka, mishikaki mkononi, mpaka bibi wa shuka yupo kati anayarudi. Jamaa anaruka ruka kashika mdomo, wao wanaona staili mpya, mjomba mmoja kaja kambandika elfu tano kwenye paji la uso.

Tukamaliza, baba wa bibi harusi huyo anakuja anahema: "Huyu rapa wenu hatari, hebu arudie pale pa mama yangu."

Tukamgeukia jamaa. Mdomo umevimba, kaukandamizia chupa ya soda, anatikisa kichwa tu. Na yule wa swaga tukimtafuta yuko ndani ya Noah, kajifunika turubai la spika.