Mama aliuliza swali moja, hajajibiwa hadi leo

Mama yangu ana daftari la buluu kama yale ya shule ya msingi, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo huandika vipimo vyake vya presha, madeni ya mboga na nambari za wale watu wa boda anaowaamini. Mwaka jana aliandika pia swali la kwenda nalo mkutanoni: "Mtu akishikwa na uchungu saa nane usiku, atapelekwa na nani, na nauli ni ya nani?"

Mkutano wenyewe ulihusu zahanati ya mtaa wetu huko Eastlands, Nairobi. Wodi ya wazazi ilikuwa inahamishiwa hospitali kubwa zaidi, mbali kidogo. Tangazo lilibandikwa getini Jumatatu, kwa Kiingereza, na mkutano ukawa Jumatano saa tatu asubuhi. Sasa fikiria saa hiyo nani yuko mtaani. Watu wa vibarua wako Industrial Area, na mama mboga ndiyo kwanza anapanga nyanya alizotoka nazo soko la Marikiti alfajiri. Hata hivyo ukumbi ulijaa, wengine wakasikilizia dirishani. Maafisa walifika saa tano na nusu. Watu walitia saini mara mbili, moja ya mahudhurio na nyingine ya soda na mkate. Mama aliposimama na daftari lake akasoma swali, afisa alimsikiliza kwa heshima, akaitikia kwa kichwa, akasema: "Asante sana mama, hilo tumelichukua."

Wamelichukua kweli, kwa maana hajaliona tena.

Nimekaa London, upande wa kusini-mashariki, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Huku nako hospitali hupangwa upya kila baada ya muda: hiki kinafungwa, kile kinaunganishwa, kingine kinabadilishiwa jina. Mara ya kwanza kuletewa kijitabu cha maoni mlangoni nilidhani ni tangazo la piza. Kilikuwa na ramani, hesabu za muda wa safari, hoja za kuhamisha huduma na hoja za kuziacha zilipo, na wiki kumi na mbili za kujibu. Nyuma palikuwa na nambari ya kupiga ukitaka kukipata kwa lugha nyingine. Nilitafuta Kiswahili sikukiona, Kisomali kilikuwepo.

Nilikwenda kwenye mkutano wao katika ukumbi wa kanisa. Chai, biskuti, na watu kumi na wanane tu, nusu yao wakiwa wafanyakazi wa hospitali. Jirani yangu, bibi mmoja Mjamaika, alisimama na kuuliza swali lilelile la mama, ila yeye alilitilia basi la usiku: likikatika, mtu anafikaje huko kumwona mgonjwa wake? Akajibiwa vilevile, kwamba limechukuliwa. Nilicheka kimoyomoyo. Nikasema kumbe hata huku.

Lakini baada ya miezi kadhaa ilitoka ripoti. Swali la bibi lilikuwemo, kwa maneno yake karibu yote, na chini yake jibu: hapana, ratiba za basi haziko mikononi mwetu, ila tutafanya hivi na hivi kwa wagonjwa wasio na usafiri. Bibi aliposoma alikasirika sana. Alisema jibu ni la kipuuzi, na mimi nilikubaliana naye. Ila alikuwa na karatasi ya kukasirikia. Aliibeba hadi kwa diwani wake, akaiweka mezani, akaonyesha kwa kidole mstari asioutaka.

Tofauti niliyoiona kati ya huku na nyumbani ni hiyo tu, na si ndogo. Wanaotoka Kenya wapya hupenda kusema Uingereza wananchi wanasikilizwa. Wasikudanganye. Mwaka 2012 msimamizi aliyetumwa kuokoa taasisi jirani ya hospitali iliyolemewa na madeni, South London Healthcare, alipendekeza huduma za dharura na uzazi za hospitali ya Lewisham zipunguzwe. Lewisham haikuwa hata sehemu ya taasisi ile. Ni kama jirani amefilisika, halafu anakuja dalali kuuza kochi lako. Januari 2013 maelfu waliandamana, bibi yangu huyu akiwemo, na bango lake bado analo nyuma ya mlango wa jikoni. Waziri wa afya aliidhinisha hata hivyo. Watu wakaenda mahakamani, na tarehe 31 Julai 2013 Mahakama Kuu ikasema waziri amevuka mamlaka yake. Oktoba mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Serikali nayo ikafanya nini? Mwaka 2014 ikapitisha sheria mpya kuwaongezea wasimamizi wa aina hiyo nguvu. Wakubwa ni wakubwa popote.

Kinachowabana kidogo ni kanuni zilizotokana na kesi ya 1985 dhidi ya halmashauri ya Brent, hapa hapa London, ambayo hata haikuwa ya hospitali bali ya kufunga shule. Uliza watu kabla hujaamua. Wape sababu za kutosha waelewe unachotaka kufanya. Wape muda. Kisha maoni yao uyatie maanani kwa dhati kabla ya kuamua. Ukiruka mojawapo, mtu anaweza kukushtaki. Ndiyo maana ripoti zao zinakuwa nene vile: wanajilinda. Sina shida na hilo, mradi bibi anapata karatasi yake.

Tena sitaki mtu anisome kana kwamba napinga kuhamishwa kwa kila kitu. London mwaka 2010 walikusanya matibabu ya saa za mwanzo za kiharusi kutoka hospitali takriban thelathini wakayaweka katika vituo vinane. Watu walilalamika kwamba ambulansi itapita mlango wa hospitali ya karibu na kwenda mbali. Ilipita kweli, na waliokufa wakapungua, kwa sababu huko ilikokwenda kulikuwa na wataalamu na mashine saa ishirini na nne. Kwa hiyo pengine hata wodi yetu ya wazazi ilistahili kuhama. Mkunga mmoja zamu ya usiku, bila chumba cha upasuaji, bila damu, si huduma ya kujivunia. Lakini mpango wa London ulisimama juu ya ambulansi. Ukiondoa ambulansi, umebaki na umbali peke yake, na hapo ndipo mama alipoweka kidole na daftari lake.

Kinachoniuma ni kwamba kwa maandishi sisi tumewashinda. Katiba yetu ya 2010 imeutaja ushirikishaji wa wananchi katika kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kinalibana bunge la kaunti liwashirikishe watu. Haki ya afya iko kifungu cha 43. Waingereza hawana katiba ya kitabu kimoja ya kumwonyesha mtu. Halafu angalia mambo yanavyokwenda. Februari 2020 majukumu ya kaunti ya Nairobi, afya ikiwemo, yalikabidhiwa serikali kuu kwa saini Ikulu, ikaja NMS, idara maalumu ya kuyasimamia, na mwaka 2022 yakarudi kwa kaunti. Sikumbuki mtu mtaani kwetu aliyeulizwa wakati wa kwenda wala wa kurudi. Julai 2024 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria za bima mpya ya afya, sababu mojawapo ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Septemba mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba SHA, mamlaka ya bima hiyo mpya, ikaanza, mtu wa mshahara akakatwa asilimia 2.75. Mama alinipigia kuuliza kama kadi yake ya NHIF, ile bima ya zamani, aitupe au aitunze. Nikamwambia atunze, sijui kwa nini.

Nikiwa mkweli, kuna jambo moja ambalo London ingekuja kujifunza Eastlands. Ule ukumbi uliojaa. Huku kijitabu kinaletwa hadi mlangoni na wengi wanakitia kwenye pipa la karatasi bila kukifungua, na anayejibu ni yule mwenye kompyuta na subira. Kwetu watu walisimama dirishani kwa muda wa saa mbili na nusu wakiwasubiri maafisa. Mwanamke mmoja alieleza njia nzima kwa mdomo: wapi pana matuta, wapi mtaro hufurika mvua ikinyesha, matatu ya mwisho inapita saa ngapi, na boda anayekataa kubeba mjamzito kwa kuogopa lawama. Hakuna mshauri wa kulipwa mwenye ramani hiyo. Na akina mama wa chama chao walikuwa wameshaanza kuchanga nauli ya dharura kabla ya mkutano kuitishwa. Yote yalisemwa, kijana mmoja akaandika kwenye kompyuta, mkutano ukafungwa kwa sala.

Mimi ningeridhika na ukurasa mmoja. Ubandikwe palepale getini, kwa Kiswahili: mlisema hivi, tutafanya hivi, hili hatutafanya kwa sababu hii. Hata kama majibu yote ni hapana.

Wodi ilihama. Chumba chake sasa ni stoo. Wiki iliyopita mama alinitumia picha ya tangazo jingine getini, safari hii ni kliniki ya presha na sukari, mkutano Alhamisi. Aliniuliza aandike swali jipya au arudie lile la zamani. Nikamwambia aanze na lile la zamani, alipe namba moja, na aache nafasi chini yake. Akasema daftari limejaa, itabidi anunue jingine.