Aliyekosea ana ujira mmoja

Juzi kwenye hitma moja pale Majengo, Moshi, nilikaa sinia moja na vijana watatu wa chuo. Pilau ilipopungua na mazungumzo kunoga, mmoja akasema: "Ba'mdogo, sisi Waislamu wenyewe tunakubali kwamba kila mtu ana ukweli wake. Madhehebu manne, Idi siku mbili. Sasa kwa nini tumwambie mtu mwingine kakosea?" Wenzake wakacheka kwa kuafiki. Mzee mmoja wa sinia ya pili akanawa mikono, akaondoka, hata chai hakuisubiri.

Anachokisema kijana, wanafalsafa wanakiita urelativisti: hakuna haki, yaani ukweli, iliyo haki kwa wote, kila mtu, kila kabila na kila zama ina yake. Rai hii ni kongwe. Mgiriki Protagoras alikwisha kusema, karne ya 5 kabla ya Kristo, kwamba mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Swali ni kama inaweza kukaa nyumba moja na shahada.

Hoja kijana anazo, tusimwonee. Qur'ani (5:48) inasema kila umma umewekewa sheria na njia yake, na lau Mwenyezi Mungu angetaka angetufanya umma mmoja. Imam Shafii, ambaye Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu yake, alitoa fatwa akiwa Iraki, na alipohamia Misri akazibadili nyingi. Na ingekuwa mimi ndiye wakili wa kijana, ningemletea Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111. Yeye alishikilia kwamba katika mambo ya dhana, yale yasiyo na dalili ya kukata, kila mujtahidi, yaani mwanazuoni anayejitahidi kutoa hukumu kutoka kwenye dalili, amepatia. Hapo umefika mlangoni kabisa pa urelativisti.

Ghazali mwenyewe hakuingia. Kauli ya kadhi wa Basra, Ubaydullah al-Anbari, aliyesimuliwa kuipeleka rai hiyo mpaka kwenye misingi ya imani, aliikataa. Na ile "Nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu", tunayopenda kuisoma kwenye makongamano ya amani, ni aya ya mwisho ya sura inayoanza kwa kusema: siabudu mnachokiabudu. Anayeona dini zote ni kweli hana haja ya kuanza hivyo.

Wanaosema haki ni moja wanaeleweka vibaya, nao wana mchango wao katika hilo. Wapo wanaomkufurisha mtu kwa sababu ya kunuti tu, ile dua ya kusimama ndani ya sala, na kijana aliyekulia kwenye kelele hizo namwelewa akikimbilia "kila mtu na ukweli wake". Anatafuta pa kupumzikia. Ila ningemwomba aitazame tena hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba Amr ibn al-As, iliyomo ndani ya vitabu vya Bukhari na Muslim: hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, akijitahidi akakosea ana ujira mmoja.

Huo ujira mmoja umenikaa kichwani miaka mingi. Kwa nini mmoja? Kama kila mtu angekuwa na ukweli wake, wote wangepewa miwili, daftari likafungwa. Mmoja maana yake kosa lipo, kosa hasa, la mtu mwema aliyesoma na kukesha, na bado hakupigwa fimbo, kalipwa. Wafuasi wa kauli ya Ghazali wana tafsiri yao ya hadithi hii, nami nakiri hainitoshi. Mrelativisti hawezi kutamka "nimekosea". Atasema tu "nimebadilika". Hata Shafii, katika madhehebu yake kauli ya kale inahesabiwa kuwa imeachwa, isipokuwa masuala machache. Angeiachia nini, kama ilikuwa kweli yake ya Iraki?

Tuchukue mlima wetu. Ukisimama Moshi mjini kusali, kibla kinakupeleka karibu kaskazini tupu, na mbele yako ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukijisogeza kidogo kuume. Mtoto wa Moshi anaweza kukua akidhani kusali ni kuelekea mlima. Akienda Tarakea, upande wa mashariki wa mlima, akaufuata, atakuwa anasali kuelekea magharibi. Mahali pamebadilika, upande wa mlima umebadilika, na asipojua hilo atakosea. Kaaba iko palepale. Na fiqhi inasema aliyejitahidi kutafuta kibla gizani asali kwa jitihada yake, haimwambii kwamba Makka imehamia alikogeukia.

Watu wataniuliza amani itatoka wapi kwa imani kama hii. Kwa Wachaga mimi sioni shida. Baba yangu mkubwa ni Mlutheri, mzee wa usharika. Kila Desemba watu wanaporudi nyumbani huniita uani: "Shehe, njoo utuchinjie, wote tule." Yeye anakamata miguu ya mbuzi, mimi nashika kisu na kusema Bismillahi. Hajawahi kuniambia kwamba Utatu na Tauhidi vyote ni kweli, na angesema hivyo ningemshangaa. Ananiona nimepotea, nami namwona amepotea, na nyama tunaila hadi mfupa.

Panaponiwia pagumu ni kwenye mpaka: nani aseme hili ni la msingi, lile ni tawi? Mwandamo wa mwezi, kwa mfano. Kuraib alipomweleza sahaba Ibn Abbas, Madina, kwamba watu wa Sham (Syria ya leo na jirani zake) wameuona mwezi usiku wa Ijumaa, Ibn Abbas alibaki na ule waliouona wao usiku wa Jumamosi. Wengine wakaishika njia hiyo, wengine wakasema ukionekana popote umeonekana. Palepale Majengo nawajua mke na mume: mume hufuata mwandamo wa popote duniani, mke husubiri tangazo la Mufti. Mwaka mmoja mume aliamkia Idi na mke yumo ndani ya saumu. Mke akampikia biriani ya Idi, na chumvi akaonja mume.